Usaha Uliochelewa Kufika Mbeya

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimempakata mjukuu wangu barazani namtoa funza mguuni, kichwa chake kimeegemea kifua changu, nikasikia harufu kama ya maharage yaliyolala kwenye sufuria. Nikadhani ni nguo yake. Nikamgeuza kichwa, nikaona ndani ya sikio la kulia kuna maji ya manjano, na ukingo wa sikio umeota vigaga.

"Linakuuma?"

"Haliumi, bibi. Linawasha."

Alikuwa mtoto wa kike, hajaanza shule. Mama yake, ambaye ni mkamwana wangu, alikuwa bondeni anachuma chai. Baba yake, mwanangu, alikuwa Chunya kwenye dhahabu. Wakati ule serikali ilikuwa imeachia watu wachimbe na wauze, na vijana wengi wa kwetu Suma walikwenda huko wakaonekana Krismasi kwa Krismasi. Nyumbani tulibaki mimi na mzee wangu katika nyumba yetu, na mkamwana na mtoto wake katika nyumba yao, ng'ambo ya migomba.

Tulianza na yale yanayofanywa na kila mtu. Mafuta ya uvuguvugu, tone moja moja. Majani yaliyokamuliwa, nayataja kwa kuwa tuliyatumia, siyasifu. Usaha ukapungua, tukashukuru. Mvua zilipoanza ukarudi, mwingi kuliko mwanzo.

Zamani dawa ilikuwa ya zahanati. Unakwenda, ipo au haipo, basi unarudi nyumbani. Ilipokuja ruksa ya biashara, dawa ikatoka zahanati ikahamia dukani. Pale Bagamoyo, nasema Bagamoyo ya hapa Tukuyu mjini, palikuwa na mzee mmoja wa kofia ambaye babu yake alitoka pwani kuja kushona nguo. Upande mmoja wa duka lake kulikuwa na cherehani, upande wa pili kabati la dawa. Mtu mpole, hakuwahi kumdhulumu mtu. Nilimweleza habari za sikio, akafungua droo.

"Kuna hii ya rangi mbili, bibi. Watu wa sikio wote wanachukua hii. Unaifungua, ule unga unaumimina ndani."

"Na kumeza?"

"Hata kumeza inafaa. Dawa ni dawa."

Tukamimina, tukamezesha. Sikio likakauka, tukaacha, likatoka usaha tena. Tukabadilisha, tukapewa nyingine nyeupe, halafu matone, halafu tukarudia ile ya rangi mbili. Siyo sisi peke yetu. Nenda gulioni wakati ule, kila mama alikuwa na dawa imefungwa kwenye ncha ya kanga, na kila mmoja anamfundisha mwenzake. Siku za zahanati tulikosa dawa tukalia. Sasa dawa zilijaa, na mtoto alikuwa ananuka vilevile.

Mkamwana ndiye aliyegundua jambo lenyewe. Alikuja kwangu jikoni, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mama, mtoto nikimwita kwa kulia haitiki. Nikimwita kwa kushoto anaitika."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Tangu juzi najaribu. Nikimwita nikiwa kulia, ananitafuta upande wa kushoto."

Nikaacha kumenya ndizi. Mtoto ambaye hasikii kabla hajafika shule, nani atamfundisha? Mimi mwenyewe shule yangu iliishia mahali padogo sana, na masikio yangu yalikuwa mazima. Tukakubaliana kwenda hospitali ya Tukuyu, na tulipofika huko mtoto alikuwa amepandwa na homa, wakamlaza.

Tabibu alimulika ndani ya sikio kwa kitochi chenye mdomo mwembamba. Akatazama muda mrefu, kisha akatutazama sisi.

"Nani amemwaga unga humu?"

"Sisi," nikasema. "Tumeutoa dukani mara nyingi."

"Ngoma ya sikio imetoboka."

"Nani kaitoboa?"

"Usaha wenyewe, bibi. Sitaki kumpa dawa nyingine ya kubahatisha. Nataka nijue ni mdudu gani, na anakufa kwa dawa gani."

Akatupeleka maabara. Mle ndani alikuwepo mwanamume mnene, miwani yake imeungwa kwa uzi. Alichukua kijiti chembamba chenye pamba nchani, akakizungusha ndani ya sikio taratibu, mtoto akalia kidogo. Akapaka kwenye kioo, akapitisha kioo kwenye moto, akamwaga rangi, akasuuza, akaweka chini ya darubini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kwa kuwa sipendi kufanyiwa mambo nyuma ya mgongo wangu. Akanikaribisha.

"Njoo uwasalimie wageni wenu, bibi. Fumba jicho moja."

Nikatazama. "Naona vijiti. Vyekundu."

"Ndio hao."

"Mbona wengi hivi?"

"Wamekaa kwa raha, mmewalisha dawa nusunusu. Sasa sikia. Hapa mimi naweza kuwaona tu. Siwezi kukwambia ni ukoo gani wala wanaogopa dawa ipi. Mpaka waoteshwe."

"Waoteshwe kama mbegu?"

"Kama mbegu. Shamba lao liko Mbeya, sisi hapa hatuna."

Akachukua kijiti kingine chenye usaha, akakitia ndani ya kichupa kirefu cha kioo, akaziba. Kisha akamwambia mkamwana, polepole, neno kwa neno. Hawa ni viumbe hai. Hapa hatuna ule ute wa kuwawekea ili wasikauke njiani, kwa hiyo kichupa kifike leo, kabla watu wa maabara ya Mbeya hawajafunga. Usifungue. Usiweke juani wala karibu na moto. Wakifa njiani, hata wakipandwa hawataota, na sisi hatutajua chochote.

Gari la hospitali lilikuwa bovu. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayepeleka. Mkamwana alikuwa amemaliza darasa la saba, Mbeya anaijua, na barua ya tabibu angeweza kuisoma. Mimi ningepotelea njiani. Basi nikabaki na mtoto kitandani, yeye akatia kichupa ndani ya blauzi, akajifunga kanga mbili, akatoka. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nilimtazama dirishani akiruka madimbwi na nikaona kazi imekwisha.

Sasa niseme habari ya mila, kwa sababu asiyetoka kwetu hataelewa.

Kwetu Unyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye mahali pamoja, hapiti mbele yake. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia migombani au kwenye chai, anajifunika, anangoja apite. Na baba mkwe naye ana adabu yake, haingii nyumba ya mwanawe, hasogelei mahali anapojua mkamwana yupo. Siyo chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote. Na wazee walitufundisha kwamba mwanamke akiivunja, shida haimwangukii yeye, inawaangukia watoto wake. Wapo watu wa kanisani walioanza kuilegeza miaka ile, hasa wa mjini. Sisi hatukuilegeza. Mimi nilimkwepa baba mkwe wangu mpaka siku tuliyomzika, mara nyingine nina mzigo wa kuni kichwani na mvua inanyesha, nimesimama ndani ya matete namsikia anaongea na mtu njiani, wala sikuona ajabu.

Siku ile mzee wangu alikuwa Suma. Akasikia kwamba mjukuu amelazwa. Alimpenda yule mtoto, na alikuwa hajui jinsi ya kuonyesha isipokuwa kwa kutembea. Akavaa koti lake la mvua, akatembea mpaka Tukuyu. Alipofika mjini akawaza: hospitalini mkamwana yupo, kitanda ni kimoja, mlango ni mmoja, nitaingiaje? Akaona ni heri akae mahali ambapo hawezi kumwingilia, angoje mimi nitoke kutafuta chakula nimpe habari. Akaenda kukaa stendi, penye benchi ambapo magari ya Mbeya yanapakilia, na wenzake wawili wa rika lake.

Alikaa pale ili amwepuke.

Mkamwana akatokea kwa upande wa soko, akaona benchi. Akarudi nyuma haraka, akasimama nyuma ya magunia ya viazi ya mama mmoja muuzaji. Huyo mama alikuwa amezaliwa kwetu, akaolewa Msasani ya hapahapa Tukuyu; ndiye aliyenisimulia baadaye yote, na mkamwana akanisimulia vilevile, maneno yao yalilingana.

Mama muuzaji akamwambia, "Wee binti, umemwibia nani?"

"Sijaiba, mama. Baba mkwe yuko pale."

"Yupi?"

"Siwezi kumwonyesha."

"Sasa nitamjuaje?"

"Amevaa koti la mvua."

"Binti, hapa Tukuyu. Wote wamevaa makoti ya mvua."

Gari likajaa, konda anapiga bodi anaita Mbeya, Mbeya. Mlango wa gari ulikuwa hatua chache kutoka kwenye lile benchi. Likaondoka. La pili likaja likaanza kupakia. Yule mama akaona mambo yanakuwa magumu.

"Niende nikamwambie ajitenge?"

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mkamwana wako yuko nyuma ya viazi vyangu, anataka kupita."

"Mbele ya wenzake? Atapata aibu mama. Usimwambie."

"Na huo mzigo uliouficha kifuani je?"

"Ni usaha wa mtoto."

Mama muuzaji akacheka, akidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni akaacha kucheka. Lakini naye hakwenda. Nilimuuliza mbona hukwenda, akaniambia, mimi nani nimwondoe mzee wa watu kwenye benchi, na kama mtoto angekufa wangesema ni mimi niliyechanganya mkwe na mkamwana. Sikumlaumu. Hata mimi ningefikiri hivyo.

La pili likaondoka. Mzee hakunyanyuka. Angenyanyukaje, alikuwa ananingoja mimi, na mimi nilikuwa kitandani kwa mtoto nampangusa jasho, sijui kama yupo mjini. Mwisho mkamwana akatoka kwa nyuma ya soko, akakata kwa njia ya chini, akapanda mpaka barabara kuu, akatembea kuelekea Kiwira ili asimamishe gari huko mbele. Mvua ikaanza kumwagika. Magari yakampita yamejaa, yakimrushia tope. Akatembea, mkono mmoja umeshika kichupa kifuani. Lililomsimamia ni lori la ndizi, na lori la ndizi linasimama kila kijiji.

Alifika maabara ya Mbeya imefungwa. Mlinzi akamwambia, "Mama, hata ukinililia mimi siwezi kuotesha kitu." Akalala kwa watu wa kanisa wanaotufahamu. Asubuhi akawa wa kwanza mlangoni. Mtu wa maabara wa kule akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Umekichukua lini hiki?"

"Jana."

"Kimekauka, mama." Lakini akakipokea, akasema watajaribu.

Aliporudi hakunificha. Alipiga magoti mbele yangu akasema, "Mama, nilichelewa. Baba alikuwa stendi."

Mimi ni mtu wa kusema, walionizaa wanajua, wanangu wanajua. Siku ile nilipima kwanza. Ningemwambia ungempita tu? Angenijibu, mama, si wewe uliyenifundisha? Na tena alikuwa na mtoto mgonjwa, ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuvunja mwiko. Ningemwambia umefanya vema? Nikamwambia, "Inuka, nenda kwa mtoto."

Jibu likaja kwa mtu aliyetoka Mbeya. Yule mnene wa miwani ya uzi akaisoma ile karatasi.

"Hakuna kilichoota."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. "Ndaga," nikasema, ndiyo asante ya kwetu. "Kumbe hakuna mdudu. Basi mtoto amepona."

Akavua miwani. "Hapana bibi. Waliokufa ni wale waliosafiri. Walio sikioni wako hai."

Ndipo akatueleza jambo lililonishinda kuliko yote. Ili kipimo cha pili kiwe cha kweli, mtoto asitiwe dawa yoyote kwanza. Si ya kumeza, si ya kumimina, si ya majani. Wale wadudu wakinusishwa dawa kidogo wanajificha, wakioteshwa wanadanganya. Homa ilikuwa imeshuka, kwa hiyo tabibu akaona inawezekana kungoja. Tukarudishwa nyumbani tukae na sikio lile, tupanguse tu kwa kitambaa kikavu, tungoje.

Nimelea watoto wengi, nimezika wawili. Sijawahi kupata kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Usaha unatoka, unaupangusa. Unatoka. Ndani ya kabati dawa zipo, zile za rangi mbili, na mikono yangu ilikuwa inakwenda yenyewe kwenye kabati. Jirani anapita anauliza, mbona mtoto ananuka hivi, hamna mafuta? Namwambia tumekatazwa. Anashangaa: hospitali gani hiyo inayokataza kutibu? Na mimi niliuliza hivyohivyo moyoni. Mkamwana akawa anamketisha mtoto kulia kwake wakati wote, ili sikio la kushoto limwelekee, anamhadithia, anaongea kwa sauti kubwa mpaka koo likamkauka.

Mzee wangu akaja kujua. Mambo ya stendi hayakai. Wenzake walikwenda gulioni wakasikia wanawake wanacheka habari ya binti aliyejificha nyuma ya viazi na usaha kifuani, wakamletea kama kichekesho, hawakujua ni nani. Yeye akajua. Alirudi nyumbani mapema, akaketi kwenye kigoda chake, akavua viatu na kuvivaa tena.

"Kumbe nilikuwa nimekaa njiani," akasema.

"Ulikaa penye benchi la watu kukaa."

"Wangeniambia."

"Nani angekwambia?"

Akafikiri. "Hakuna," akasema.

Jambo lililokuwa linaniuma ni hili. Alitaka kumwomba mkamwana radhi, na mila ile ile iliyoleta kisa ilimfunga mdomo. Hawezi kusema naye. Na mkamwana alitaka kumwambia kwamba hana kinyongo, na yeye hawezi. Mimi nilikuwa katikati, kila mmoja ananitazama. Mzee akakata mkungu wa ndizi uliokuwa bora kuliko yote shambani, akaubeba mwenyewe, akauweka ukingoni mwa ua wa nyumba ya mwanawe, akaondoka. Mkamwana akaupika. Mtoto akala vizuri. Sikio likaendelea kutoka usaha.

Safari ya pili tulikwenda wote watatu, mimi, mkamwana na mtoto, ili sikio lenyewe lifike Mbeya na usaha utolewe mlangoni pa shamba lake. Mzee alishinda shamba la juu siku ile na hakushuka hata kula.

Siku tulipoitwa tena, mtu wa maabara wa Mbeya alitufungulia kabati lenye joto kama la kuku anayeatamia. Akatoa kisahani cha kioo chenye kifuniko. Ndani kulikuwa na kitu kama uji ulioganda, na juu yake kumeota utando wa kijani, unang'aa, na harufu yake ilikuwa tamu kidogo, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Juu ya utando ameweka vipande vidogo vya karatasi vya mviringo.

"Kila karatasi imelowekwa dawa yake," akasema. "Dawa ikimshinda mdudu, unaona pembeni pake pamebaki peupe, hapajaota. Tazameni."

Tukatazama. Karatasi hii, kijani kimeota mpaka ukingoni. Hii vilevile. Na ile nyingine, hata imepandiwa juu. Mkamwana akauliza zile ni dawa gani. Akazitaja. Zote tulikuwa nazo nyumbani. Ile ya rangi mbili ilikuwa imezungukwa na kijani kama jiwe katikati ya majani.

Karatasi moja tu ilikuwa na uwanja mweupe mpana kuizunguka. Nikanyoosha kidole. "Basi ni hii."

"Ndiyo hiyo," akasema, lakini hakufurahi. "Mengine mtaongea na daktari."

Daktari alikuwa kijana, amechoka, mkweli. Akasema dawa ile ni ya sindano. Inamuua mdudu yule bila shaka. Lakini ina tabia yake, kwa watu wengine inaharibu kusikia, hata sikio zima inaweza kulipunguza. Ipo nyingine mpya, isiyo na shida hiyo. Hospitali haijaipata, na maduka ya Mbeya alikwisha kuyauliza. Labda Dar es Salaam. Lini, hajui. Na mdudu yule akiachwa anatafuna mfupa unaokaa nyuma ya sikio, na nyuma ya mfupa kuna ubongo.

"Mnasemaje?" akatuuliza.

Mkamwana akanigeukia. "Mama?"

Ningemtafuta baba wa mtoto, Chunya ni mbali na hakuna ajuaye yuko shimo gani. Ningemuuliza mzee, yuko Suma. Niliyekuwepo ni mimi, mwenye umri mkubwa kuliko wote chumbani, na wote wananitazama nitoe neno. Tulikuwa tumetafuta jina la adui tangu mvua zilizopita. Tumelipata, na jina halikutusaidia kitu.

"Mimi sijui," nikasema.

Mkamwana akamtazama mtoto wake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Achomwe."

Wakamlaza pale Mbeya, wakamchoma. Alikuwa analia anapomwona nesi mlangoni, mwishoni hakulia tena, alikuwa anageuza uso ukutani na kutoa paja mwenyewe. Usaha ukapungua, ukakauka. Harufu ikaisha. Nilinusa kila asubuhi, nilikuwa nasahau kwamba imeisha, nanusa tena.

Kabla ya kuruhusiwa, daktari akasema ampime kusikia. Akamketisha kwenye kiti, uso wake umeelekea kwetu, mimi na mama yake tumekaa kwenye benchi mbele yake. Akatuonya: msimwonyeshe kwa macho, msitikise kichwa, msimguse. Akasimama nyuma yake. Akaziba sikio la kulia kwa kidole, akanong'ona upande wa kushoto.

"Ndizi."

"Ndizi," mtoto akasema, akatabasamu.

"Kikombe."

"Kikombe."

Akaziba la kushoto. Akainama upande wa kulia, akanong'ona. Mimi nilisikia mpaka pale nilipokaa. Mtoto alikuwa anatutazama, anangoja mchezo uendelee. Daktari akasema tena, safari hii siyo kunong'ona. Mtoto akaendelea kutabasamu. Akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake shambani. Mtoto akaona tumenyamaza, tabasamu likapungua, akanitazama mimi, kisha mama yake, anatafuta kwenye nyuso zetu amekosea nini.

Mkamwana alikuwa ameshika ncha za kanga kwa mikono yote miwili. Mimi nilikalia mikono yangu.

Daktari akaachia kidole, akaja mbele. Nikamuuliza ni nini kilicholichukua sikio la kulia, ni mdudu au ni sindano, au ni zile siku tulizongoja kwa kuwa kijiti cha kwanza kilikauka. Nilitaka anijibu moja. Akasema hakuna kipimo cha kujua hilo, hata Mbeya, hata Dar. La kushoto ni zima, akasema, mkalitunze.

Mtoto akateremka kwenye kiti, akaja kusimama kati yetu, akauliza kama tunaweza kwenda nyumbani.

"Tunakwenda," nikamwambia. Nilisahau, nikasemea upande wa kulia. Ikabidi nizunguke, niseme tena.